Kura za Kurasa: Jinsi Viungo Vilivyoibeba Karagwe na Kuiacha Kyerwa

Anayeandika neno "Karagwe" kwenye mtambo wa utafutaji hupewa majibu yaliyopangwa, la kwanza juu, la mia chini kabisa, na mpangilio huo una historia ndefu kuliko kompyuta yenyewe. Kwa zaidi ya robo karne, moja ya mizani kuu za kuamua ukurasa upi upande na upi uzame imekuwa viungo, yaani zile linki zinazotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Hoja ya makala haya ni kwamba mizani hiyo haikuanza na sifuri. Ilipowashwa katika miaka ya 1990 iliikuta dunia ambayo baadhi ya mahali pake pamekwisha kutajwa sana na pengine hapajatajwa kabisa, nayo ikaugeuza mtaji huo wa zamani kuwa umaarufu mpya. Wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera zinalionyesha jambo hili waziwazi kwa sababu hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Kahawa ni ileile, migomba ni ileile na lugha ya Kinyambo ni ileile, lakini jina moja lilikuwa na miaka 150 ya kuandikwa vitabuni na jingine halikuwa nayo.

Kutajwa kabla ya wavuti, 1861–1975

Wasafiri Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe, mwezi Novemba 1861. Hawakuingia pori lisilojulikana. Njia ya misafara kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilikwisha kufika Karagwe, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, na kwa mujibu wa Speke mwenyewe, Rumanyika alikuwa amemshinda ndugu yake Rogero kwa msaada wa Musa Mzuri, tajiri wa pembe za ndovu wa Unyanyembe aliyemhonga Kabaka Suna wa Buganda ili atume jeshi. Ufalme huu ulikuwa umeunganishwa vizuri na majirani zake wote. Kilichokosekana ni maandishi ya kuchapwa, na hayo Speke aliyaleta. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1863, na Karagwe ikaingia katika maktaba za Ulaya kupitia macho yake: ziwa walilolibandika jina la Windermere Mdogo kwa kukumbuka ziwa la kwao Uingereza, mwanamke mnene wa ukoo wa kifalme ambaye Speke alimpima mkono, kifua na paja, na nadharia yake kwamba watawala wa nchi hizi walitoka nje ya eneo la Weusi. Nadharia hiyo, iliyokuja kuitwa ya Kihamiti, ilinukuliwa kwa karibu karne nzima na kuleta madhara makubwa katika Maziwa Makuu. Henry Morton Stanley alipita Karagwe mwaka 1876, akachapisha chake mwaka 1878, na waliofuata wakawa wanamrejea huyu na yule.

Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla ya Mtanzania kuandika historia ya ufalme huo kwa kitabu kizima. Israel Katoke aliwasikiliza wazee, akalinganisha masimulizi yao na nyaraka, na mwaka 1975 East African Publishing House ya Nairobi ikatoa kitabu chake kuhusu ufalme wa Karagwe na historia ya Wanyambo tangu takriban mwaka 1400 hadi 1915. Kwa uzito wa kitaaluma hakuna ulinganisho: Speke alikaa kwa Rumanyika wiki chache na kusikia mambo kupitia mkalimani. Lakini hakimiliki ya Speke ilikwisha zamani, hivyo kitabu chake kizima kimewekwa bure kwenye maktaba ya Project Gutenberg, ambako mtu yeyote aweza kukielekezea kiungo. Cha Katoke bado kinalindwa. Wasomi hukitaja katika tanbihi, na tanbihi ya kitabu cha karatasi si kitu ambacho mtambo wa utafutaji unaweza kukihesabu. Hali hii haikutokana na njama ya mtu. Imetokana na sheria ya hakimiliki kukutana na hisabati, na ndiyo sababu ni vigumu kuirekebisha.

Marejeo yawa mizani, 1955–1996

Wazo la kupima thamani ya andiko kwa kuhesabu wanaolirejea lilitoka maktabani. Mwaka 1955 Eugene Garfield, Mmarekani, alipendekeza katika jarida la Science faharasa itakayoonyesha kila makala ya sayansi imerejewa na nani, na mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikaanza kuichapa. Baada ya muda kidogo watu wakagundua kwamba kuhesabu tu hakutoshi. Rejeo kutoka jarida linaloheshimiwa lina uzito kuliko rejeo kutoka jarida lisilosomwa, na mwaka 1976 Gabriel Pinski na Francis Narin wakatoa njia ya kuhesabu uzito huo kwa mzunguko: jarida ni zito likirejewa na majarida mazito. Mfumo huo ulikuwa na kasoro iliyojulikana mapema. Sayansi ya nchi zisizo na majarida yaliyomo kwenye faharasa haikuonekana, hata kama ilikuwa nzuri.

Wavuti ilipoanza kukua, hakuna aliyekimbilia wazo hilo mara moja. Yahoo ya mwaka 1994 ilikuwa saraka iliyopangwa na watu kwa mikono. AltaVista ya Desemba 1995 ilisoma maneno ya kurasa nyingi kwa kasi ya ajabu, lakini ilipanga majibu kwa kuangalia zaidi maneno yenyewe, na wajanja wakajifunza kurudia neno moja mara mia chini ya ukurasa kwa maandishi ya rangi ileile ya mandhari. Ukurasa ulikuwa ukijisifu wenyewe, na mtambo ukauamini.

Stanford na hesabu ya kura, 1996–1998

Waliovunja mkwamo huo walikuwa zaidi ya wawili, ingawa wawili ndio wanaokumbukwa. Robin Li, aliyekuja kuanzisha Baidu ya China, alibuni mwaka 1996 mfumo wa kupanga kurasa kwa viungo ulioitwa RankDex. Jon Kleinberg wa Cornell alikuja na njia yake ya kutofautisha kurasa zinazoaminika na kurasa zinazozielekezea. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin walikuwa na mradi ulioitwa BackRub tangu mwaka 1996, na mwezi Aprili 1998 waliwasilisha Brisbane, Australia, makala yaliyoeleza mtambo uliosoma kurasa milioni 24 na kuchora ramani ya viungo milioni 518. Kanuni yao, PageRank, ilifuata wazo kama la Pinski na Narin na kulikuza kwa wavuti nzima. Septemba mwaka huohuo kampuni yao, Google, ikasajiliwa, na kanuni ikabaki mali ya chuo, ambacho kiliwakodishia.

Inafaa kuitazama kanuni hiyo kwa karibu, kwa sababu mengi yanayosemwa juu yake ni ya juujuu. Chukua wavuti ya kubuni yenye kurasa tatu tu: ukurasa wa Karagwe, wa Kyerwa, na wa wizara Dodoma. Kurasa mbili za wilaya zinaelekeza kwa wizara, na wizara inaelekeza Karagwe peke yake. Kila ukurasa hugawa uzito wake sawasawa kwa wale unaowaelekezea, asilimia 85 ya uzito hupita kwenye viungo, na asilimia 15 hugawiwa wote sawa, kana kwamba msomaji amechoka kubofya na kurukia ukurasa wowote. Hesabu ikirudiwa hadi itulie, wizara inapata takriban 0.49 ya umaarufu wote, Karagwe 0.46, na Kyerwa 0.05, yaani ule mgawo wa chini ambao hakuna anayeukosa. Sasa ongeza kiungo kimoja tu, kutoka Karagwe kwenda Kyerwa. Kyerwa inapanda hadi 0.21, zaidi ya mara nne, bila kubadili herufi moja ya ukurasa wake. Karagwe inashuka hadi 0.39 na wizara hadi 0.40. Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, umaarufu katika mfumo huu hupewa, haujengwi na mwenyewe. Pili, anayetoa hupungukiwa kidogo, hivyo mwenye nacho hana haraka ya kutoa.

Mwaka 1999, Albert-László Barabási na Réka Albert walionyesha katika jarida la Science kwamba viungo vya wavuti havisambai sawasawa. Ukurasa mpya huelekeza kwa ule ambao tayari una viungo vingi, kwa kuwa ndio unaoonekana. Mtambo unaopanga majibu kwa viungo unalikuza jambo hilo: walio juu huonekana, wanaoonekana huunganishwa, wanaounganishwa hubaki juu. Hapo ndipo kitabu cha Speke, chenye karne na nusu ya kutajwa, kinapoanza mbio kikiwa mbele ya kila kitu kingine kuhusu Rumanyika.

Soko la viungo, 2000–2012

Kura zilipokuwa na thamani, zikaanza kuuzwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 Google ilitoa kibao cha kuonyesha alama ya umaarufu wa kila ukurasa, kuanzia sifuri hadi kumi, na bei ya linki ikapatikana siku hiyohiyo, maana mnunuzi sasa aliweza kuona anachonunua. Yakaibuka mashamba ya kurasa zinazoelekezana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2003 wapinzani wa Rais George W. Bush walikubaliana kuelekeza viungo vyenye maneno ya "kushindwa kubaya" kwenye wasifu wake, ukawa jibu la kwanza kwa maneno hayo hadi mtambo ulipozibwa mwaka 2007. Mwezi Januari 2005 kampuni kubwa za utafutaji zilikubaliana juu ya alama ya kumwambia mtambo usihesabu kiungo fulani, na mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza ikaiweka alama hiyo kwenye viungo vyake vyote vya nje. Mwezi Aprili 2012 Google ilikaza adhabu dhidi ya viungo vya hila, kwa sasisho lililopewa jina la Penguin.

Vita hivi vilipiganwa mbali na Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe, lakini gharama yake ilifika huko. Ulinzi dhidi ya wadanganyifu uliziba njia ambazo mahali padogo pangezitumia kihalali: kutajwa Wikipedia, kutajwa kwenye maoni ya wasomaji, baadaye kutajwa Facebook. Mwenye tovuti kubwa hakuathirika, kwa kuwa viungo vyake alivipata mapema, wakati mlango ulikuwa wazi.

Wilaya yagawanywa, 2009–2019

Kasi halisi ya intaneti Tanzania ilianza mwezi Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, na ujenzi wa mkongo wa taifa ukaanza kuelekea mikoani mwaka huohuo. Kufikia hapo kanuni ya viungo ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na wavuti ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kupeana nafasi. Karagwe haikuwa imelala. Asasi ya FADECO, kwa mfano, ilikuwa imeanzisha redio ya jamii iliyowafikia wakulima kwa lugha wanayoielewa. Lakini matangazo ya redio hupita hewani na kuisha. Kwa mtambo unaohesabu linki, kipindi kilichosikilizwa na tarafa nzima ni sawa na kimya.

Mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya. Sensa ya mwaka huo iliipa watu 321,026 dhidi ya 332,020 wa Karagwe, karibu sawa kwa sawa. Kwa upande wa viungo hapakuwa na mgawanyo wowote. Kila kilichoandikwa kabla ya hapo kuhusu bati la Kyerwa, kahawa ya Kaisho au daraja la Murongo kwenye mpaka wa Uganda kilikuwa kimeandikwa chini ya jina la Karagwe, na hakuna mamlaka inayoweza kuwaandikia wenye kurasa duniani iwaombe wahamishe linki zao. Hata chama kikuu cha ushirika cha kahawa, KDCU, kinachowahudumia wakulima wa pande zote mbili, kimebaki na jina la Karagwe. Wilaya ilirithi shule, zahanati na madeni. Urithi wa kutajwa ulibaki kwa ndugu mkubwa.

Serikali ilijaribu kuziba pengo. Mwezi Machi 2017, kwa msaada wa Marekani, zilizinduliwa kwa mkupuo tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185, zote kwa muundo mmoja, na Kyerwa ikapata yake kama wenzake. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, na anayebeza tovuti za halmashauri hajui hali ilivyokuwa kabla yake. Ila tazama viungo vyenyewe. Chini ya kila ukurasa ipo orodha ileile ya ofisi za kitaifa: Ikulu, TAMISEMI, Utumishi na kadhalika. Halmashauri zote zinapiga kura kuelekea Dodoma, na kura inayorudi kwa kila moja ni chembe tu ya uzito uliogawanywa kwa wengi. Halmashauri jirani hazielekezani. Ni ule mfano wa kurasa tatu, kabla ya kiungo kimoja kuongezwa.

Mwaka 2018 likaja jambo lililozidi kupunguza wapiga kura. Kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wanaochapisha kulipa jumla ya shilingi milioni 2.1 za maombi, leseni na ada ya mwaka. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini miaka ile mwalimu wa Nkwenda au Omurushaka aliyetaka kuandika historia ya kata yake alikuwa na kila sababu ya kuiandika WhatsApp, ambako hakuna kinachohesabiwa. Mwaka 2019 mambo yalisogea kidogo: mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Kwa mara ya kwanza jina la Kyerwa likaingia kwenye orodha ambazo waandishi wa utalii wa kila nchi huzinakili. Uamuzi wa uhifadhi ulifanya kazi ya kutangaza wilaya kuliko tovuti yake, japo katika orodha hiyohiyo Serengeti ina viungo vya miongo mingi na haitafikiwa.

Pingamizi tatu

Wapo watakaosema viungo si chochote tena. Google yenyewe ilikiondoa kile kibao cha alama mwaka 2016, na mwaka 2023 mtaalamu wake mmoja alisema hadharani kuwa viungo havimo katika mambo matatu makuu ya kupangia majibu. Tuseme ni kweli. Bado mtambo hugundua kurasa mpya kwa kufuata viungo kutoka kurasa unazozijua, na ukurasa usioelekezewa na yeyote hutembelewa kwa nadra hata kama umeandikwa kwa ufasaha. Uzito wa kiungo katika kupanga unaweza kupungua, lakini uzito wake katika kuonekana uko palepale.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na linastahili kukubaliwa kwa sehemu. Mkulima anayeandika "bei ya kahawa ya maganda Kyerwa" hashindani na Speke. Mtambo huangalia kwanza kurasa zenye maneno yale, na kwa Kiswahili cha jambo mahsusi kama hilo kurasa ni chache, hivyo ukurasa wa ndani unaweza kushika nafasi ya kwanza bila linki hata moja. Hii ina maana kwamba upungufu wa viungo huuma pale ambapo watu wa nje nao wameandika: kwenye jina tupu la mahali, kwenye historia, na kwenye chochote kinachotafutwa kwa Kiingereza. Kumbuka pia kwamba ushindi wa bila mpinzani unahitaji ukurasa uwepo. Butura, ule ununuzi wa kahawa ingali mtini ambao serikali imeupiga marufuku mara nyingi, hupatanwa kwa mdomo na kwa simu. Bei ya mnada ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) husambaa kama picha ya tangazo la karatasi kwenye makundi ya simu. Maarifa yenye faida kubwa kuliko yote kwa wilaya hizi hupita mahali ambapo mtambo hauoni.

Tatu, hudaiwa kwamba kiungo ni kura huru, na asiyepigiwa kura hana wa kumlaumu. Hoja hiyo ingesimama kama kila mtu angekuwa na kadi ya kupigia. Katika mfumo huu kadi ni kumiliki ukurasa, na uzito wa kadi hutegemea umepigiwa na nani. Page na Brin walilijua tatizo la masilahi: katika makala yao ya mwaka 1998 walionya kwamba mtambo unaoishi kwa matangazo ya biashara utaelemea kwa watangazaji. Walichokisahau ni kwamba hata mtambo usio na tangazo hata moja ungeelemea kwa walioandika kwanza.

Baada ya orodha ya majibu

Sasa orodha yenyewe inaanza kufifia. Watu huuliza swali na kupewa aya iliyotungwa na programu ya akili mnemba, bila kubofya popote. Ingedhaniwa kwamba hapa viungo vimestaafu, na ukweli ni kinyume. OpenAI ilipoandaa maandishi ya kufundishia GPT-2 mwaka 2019, ilichukua kurasa zilizoelekezewa viungo na watumiaji wa Reddit na kupata angalau alama tatu za kukubalika. Common Crawl, hazina kubwa ya kurasa inayotumiwa kufundishia programu nyingi za aina hii, huchora ramani ya viungo na kuitumia kuamua tovuti zipi zitembelewe zaidi. Zamani ukurasa usio na viungo ulikuwa jibu la ukurasa wa kumi, na mtafutaji mvumilivu angeufikia. Katika programu iliyofundishwa hivi, ukurasa ambao haukusomwa haupo kabisa, na maelezo ya Speke kuhusu mwanamke aliyempima yana nafasi kubwa ya kuwamo kuliko habari kwamba Murongo iko Kyerwa.

Marekebisho yaliyo mikononi mwa wilaya zenyewe ni madogo na hayahitaji mfadhili. Maofisa TEHAMA wa Kayanga wanaweza kuielekezea Kyerwa linki katika kila ukurasa unaohusu historia, kahawa na mpaka, na wenzao wakafanya vivyo hivyo kwao na kwa wilaya za Missenyi na Ngara. KDCU inaweza kuchapa bei za mnada kama maandishi kwenye ukurasa wenye anwani ya kudumu, badala ya picha ya tangazo lenye muhuri. Kwa hesabu ya kurasa tatu tuliyoiona, anayeanza kutoa linki atashuka kidogo kabla jirani hajarudisha, na hilo ndilo litakaloamua kama kuna atakayeanza.